Kuwasha kiberiti si kupima ubora wa vitakasa mikono

Wadau, nimechoshwa na wauzaji wa vitakasa mikono ambao, ukiwauliza bidhaa yao ina kileo kiasi gani, hukujibu kwa kumwaga matone mezani na kuyawasha kiberiti. Aliyetuletea madumu kazini alifanya mchezo huohuo mbele yetu. Mwali ulipopanda, akatutazama kana kwamba ametukabidhi cheti cha maabara. Mwali huo unathibitisha nini? Pombe kali ya asilimia 40 nayo hushika moto ikipashwa kidogo, ilhali kitakasa mikono cha ethanoli, yaani kileo kilekile cha kwenye pombe, kinatakiwa kiwe na angalau asilimia 60, na fomula ya Shirika la Afya Duniani inataka asilimia 80 kwa ujazo.

Nilipombana, akatoa haidromita, chombo kinachoelea kwenye kimiminika na kukadiria kiasi cha kileo kwa kupima msongamano. Chombo hicho kinafaa kwa mchanganyiko wa kileo na maji pekee, tena katika nyuzijoto kilichosanifiwa, kwa kawaida 20 za Selsiasi. Ukiongeza gliserini, ambayo ni nzito kuliko maji, usomaji unapotoka, na kwenye jeli nzito ndiyo usiseme. Linaloniudhi zaidi ni kwamba msongamano wa methanoli, kileo kingine chenye sumu, unakaribiana mno na ule wa ethanoli, wote ukiwa takriban gramu 0.79 kwa mililita, kwa hiyo haidromita itatoa namba ya kupendeza hata kama dumu limejaa sumu. Methanoli hupenya kwenye ngozi, na anayeinywa anaweza kupofuka au kufa. Mwaka 2020 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa maonyo mfululizo baada ya kuikuta katika vitakasa mikono vilivyokwisha kuingia sokoni. Kromatografia ya gesi, kipimo cha maabara, ndiyo inayozitenganisha ethanoli na methanoli na kueleza kila moja ipo kwa kiasi gani.

Lebo nazo ni kichekesho. Imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba dawa inaua asilimia 99.9 ya vijidudu, lakini aina ya kileo haitajwi, wala hiyo "70%" haielezwi kama ni ya ujazo au ya uzito, ingawa asilimia 70 kwa ujazo ni kama 62 tu kwa uzito.

Tulidai matokeo ya maabara ya toleo lilelile tuliloletewa. Karatasi aliyoileta hatimaye ina namba ya toleo isiyolingana na ya dumu hata moja, na bado anatuandikia kila asubuhi akidai malipo yake.