Uamuzi gani ndani ya gemu la mtandaoni ulibadilisha mambo kweli? Tupeane uzoefu

Kisauni_Usiku
Salamu wanamombasa na wengineo. Sisi wachezaji wa magemu ya uhusika ubishi wetu ni ule ule: gemu lakuuliza umsaidie mtu au umwache, unachagua, na kesho yake kila kitu kiko vilevile. Nataka visa vya upande wa pili, uamuzi uliokuganda. Tajeni gemu, mlichochagua na kilichofuata.

Naanza. Star Wars: The Old Republic, misheni ya Esseles, meli ya angani. Tuko saiba, mimi, kaka na binamu wawili. Meli imevamiwa, njia imefungwa, na mafundi wamo ndani. Unaweza kuwatupa nje angani upite mara moja, ama uzunguke kuzima mitambo huku maadui wakikusakama. Kila mtu anachagua lake, kisha gemu linapiga kura ya bahati na mshindi ndiye anayesemea wote. Kaka akashinda, akawatupa. Binamu mdogo akavua hedifoni akatoka nje. Mpaka leo haingii Esseles na kaka kabla hawajapatana mafundi wataishi ama la.

Mtu wa Likoni
Albion Online, nacheza kwa simu. Kwenye ramani, ukanda wa bluu hakuna wa kukugusa. Wa njano ukiangushwa na mchezaji mwenzio, waamka na vitu vyako. Mwekundu na mweusi, ukiuawa waporwa kila ulichovaa na ulichobeba. Gildi yetu, yaani kundi letu la wachezaji, ni watu wa Pwani na wachache wa Dar. Mwenzetu mmoja aliyeaminiwa na hazina ya gildi aliizoa yote usiku, akahamia kwa maadui. Gemu halikumwadhibu hata kidogo, sheria zake zaruhusu. Lakini jina lilienea, kila gildi aliyobisha hodi ikamkataa. Kinachoniuma mimi ni wageni wetu: mtu mwaminifu kabisa sasa akaa miezi bila kuruhusiwa kuchukua hata upanga.

Bint Tudor
Old School RuneScape, akaunti ya aina ya Hardcore Ironman. Huuziani na mtu, hupokei cha mtu, na ukifa mara moja kwenye hatari hadhi hiyo yaondoka, wabaki Ironman wa kawaida. Wengine samaki wa kurudishia afya wanamnunua sokoni bila kufikiri. Mimi nimemvua, nimempika, na nikimla katikati ya pigano najua nimebakisha wangapi na nitawarudisha kwa kazi gani. Chaguo moja la siku ya kwanza limeipa kila kitu thamani. Halafu usiku mmoja stima ikapotea nikiwa pigano limepamba moto. Niliporudi kwa data ya simu, kofia nyekundu kando ya jina, alama ya hadhi ile, ilikuwa imegeuka kijivu.

Baharia wa Mtongwe
Pole dada, lakini hilo si matokeo ya uamuzi. Hiyo ni stima.

Bint Tudor
Nilichagua nikijua naishi wapi, kaka. Msimu wa masika sikuwa naingia pigano kubwa mawingu yakiwa mazito. Hofu ile ilikuwa sehemu ya gemu, na niliipenda.

Baharia wa Mtongwe
Haya, nimekuelewa. Langu ni EVE Online. Januari 2014, mfumo wa nyota uitwao B-R5RB, malipo ya kushikilia eneo hayakulipwa, maadui wakaingia. Vita vilichukua karibu siku nzima, maelfu ya wachezaji, na Titan 75 zikaangamia, meli ambazo moja huchukua miezi kujengwa. Mimi niliingia EVE baadaye, ila nimefika pale: CCP, watengenezaji wa EVE, waliyaacha mabaki yawe kumbukumbu. Ndiyo maana sitaki gemu linalonificha matokeo ya wenzangu. World of Warcraft tangu 2008 huonyesha kila mchezaji kijiji kulingana na alipofikia: kwako kimeungua, kwa rafiki yako bado kizima. Mwasimama pahali pamoja na hamuonani! Hilo ni jibu la kifundi, na nalielewa, maana huwezi kuwachomea wote kijiji kwa ajili ya mmoja. Lakini halinitoshi.

Kisauni_Usiku
Bint Tudor, akaunti ile uliiacha?

Bint Tudor
Naendelea nayo, siwezi kutupa jasho langu. Na nimefungua Hardcore nyingine, hiyo naicheza kwa simu tu, chaji imejaa na bando lipo.