Tupeane uzoefu: kuku wako wa nyumbani akiugua unaanzia wapi?

Mwenye uzi (Kibaha)
Wakuu habari za jioni. Nafuga kienyeji na chotara hapa nyuma ya nyumba, na kila hali ya hewa ikibadilika naona majirani wanatoa kuku waliokufa kwa viroba. Kinachoniuma ni hiki, mtu anaona kuku kazubaa mbawa zimeshuka, anakimbia duka la mifugo anauziwa antibayotiki ya kuchanganya kwenye maji, kesho yake wamekufa tena anabadilisha dawa nyingine, mwisho hela imeisha na kuku wameisha. Naomba hapa tuweke ya kweli: uliona dalili gani, ukafanya nini, ikasaidia au haikusaidia. Dalili kwanza jamani, maana "kuku wangu wanaharisha nisaidieni" hapo kuna magonjwa hata matano.

Naanza na kideri. Ukiona kinyesi cha kijani, kuku anahema mdomo wazi, shingo inapinda au miguu inapooza na wanakufa kwa mkupuo, hicho ni kirusi, hakina dawa, iwe ya dukani au shubiri. Kinga ni chanjo tu. Mi natumia ile ya matone ya I-2, inatengenezwa hapa hapa Kibaha na TVLA (wakala wa serikali wa maabara za mifugo), tone moja jicho moja kila baada ya miezi mitatu. Mlaze kuku ubavu, dondosha, halafu usimwachie mpaka apepese jicho uone tone limezama, maana wengi wanamrusha chini haraka tone linabaki kwenye manyoya. Inastahimili joto kuliko chanjo nyingine lakini bado ibebe kwenye chupa ya chai yenye barafu. Na kichupa kimoja kinatosha kuku wengi kuliko wa nyumba moja, kwaiyo sisi mtaani tunachangishana tunachanja siku moja, hapo hata kuku wa jirani hawakuletei ugonjwa.

Mfugaji wa Moro
Mkuu umenena. Mi kwangu kesi ni vifaranga, wakifika wiki ya tatu hivi wanajikunyata manyoya yamesimama na kinyesi kina damu. Hiyo ni koksidiosisi na hii sasa ndo ina dawa, amprolium kwenye maji, fuata kipimo cha kwenye pakiti na umalize siku zote ulizoandikiwa hata kama wamechangamka. Kitu ambacho wauzaji wengi hawasemi: usichanganye na vitamini siku hizo hizo. Amprolium inafanya kazi kwa kumnyima yule mdudu vitamini B1, sa ukimwaga vitamini juu yake unamlisha tena. Vitamini wape ukishamaliza dozi. Halafu angalia chini ya chombo cha maji, maranda yakiwa mabichi pale ndo ugonjwa unapozaliana, toa yote weka makavu na chombo kiinue kilingane na mgongo wa kifaranga.

Mama wa Pongwe, Tanga
Huku kwetu mbu ni wengi so ndui haituachi. Vipele vinaanza kwenye kilemba na pembeni ya macho vinakua vigaga vyeusi. Ni virusi pia, ila kuku mkubwa mara nyingi anapona mwenyewe ukimtunza. Vifaranga ndo wanaondoka, na wengi wanakufa na njaa kwasababu macho yameziba hawaoni chakula! Mimi nawatenga, nalainisha macho kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo asubuhi na jioni, vigaga napaka iodini bila kuvibandua, na asiyeona namtumbukiza mdomo kwenye maji na namlisha kwa mkono mpaka jicho lifunguke. Akiwa na utando wa njano ndani ya mdomo hali ni mbaya zaidi, anashindwa hata kuhema. Chanjo ipo, ya kuchoma kwenye ngozi ya bawa, baada ya wiki moja mpaka siku kumi kagua pale, usipoona kakidonda haijashika.

Wa Dodoma
Viroboto jamani, wale weusi wanaogandia machoni na kwenye kilemba hawang'oki. Paka mafuta mazito ya kujipaka pale walipoganda, yanawaziba pumzi wanadondoka, angalia tu yasiingie jichoni. Lakini ukitibu kuku ukaacha sakafu ni kazi bure, watoto wao wanakulia kwenye vumbi la banda, kwaiyo fagia yote, choma, nyunyizia dawa. Na mbwa na paka wa nyumbani wakague, wanawabeba hao hao.

Mwanza hapa
Wangu wamevimba uso upande mmoja, macho yanatoa machozi, puani kamasi linanuka vibaya. Nimeambiwa vitunguu saumu, kuna aliyepona?

Mwenye uzi (Kibaha)
Pole sana mkuu. Uso kuvimba na harufu hiyo ni dalili za mafua ya kuku (koriza, sio yale mafua ya ndege), ni bakteria, hapa antibayotiki ndo mahali pake ila bwana mifugo akuchagulie. Watenge leo hii, vyombo vya maji visichangiwe. Mayai ya kipindi cha dawa msile wala msiuze mpaka siku za kwenye lebo ziishe. Na waliopona wanaweza kubaki na ugonjwa mwilini wakaambukiza wageni, kwaiyo usiingize kuku wapya humo.

Mfugaji wa Moro
Naongezea, kama wanakufa na hujui ni nini, chukua aliyekufa muda si mrefu, mfunge kwenye mifuko miwili mpelekee daktari wa mifugo ampasue yeye, usipasue mwenyewe jikoni. Kuhara damu kunaonekana kwenye utumbo, kideri mara nyingi kinaacha madoa ya damu kwenye kitumbo cha kabla ya firigisi. Ni bei ndogo kuliko kununua dawa tatu za kubahatisha. Mizoga iliyobaki fukia shimo refu au choma, msitupe mtaroni.