Mjadala: Visima vya bustani Lindi na Mtwara, tuhamie sola au tupime maji kwanza?

Mleta mada (bonde la Lukuledi, Lindi)

Ndugu zangu wa kusini, salaam. Mkutano wa kikundi chetu cha wakulima wa mboga wiki iliyopita uligawanyika. Upande mmoja unataka tuache pampu za petroli tukope za sola, kwa kuwa petroli ni ghali na moshi wake unachangia kuharibu hali ya hewa. Upande wa pili unasema habari za hewa ukaa ni za wenye viwanda, sisi tuachwe tumwagilie. Mimi nilitoka sijaridhika na upande wowote.

Nianze na hesabu. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa hewa ukaa kilo 2.3 hivi, dizeli kama kilo 2.7. Nina nyanya na bamia chini kidogo ya ekari. Kuanzia Julai hadi Novemba nachoma lita tatu kila siku ya kumwagilia, siku tatu kwa wiki. Msimu mzima ni karibu lita 200, yaani kilo zaidi ya 400. Sasa ukichukua hewa ukaa yote ya mafuta, gesi na makaa ya mawe ya Tanzania ukaigawa kwa watu wote, kila mmoja anaangukiwa na kama robo tani kwa mwaka. Kwa hiyo kainjini kangu peke yake kanampita mtu mzima! Nilirudia hesabu mara tatu.

Lakini kuna jambo limenitisha zaidi. Oktoba ya mwaka juzi maji kisimani kwangu yalikuwa mita nne kutoka mdomoni. Oktoba ya mwaka jana, mita sita. Napima kwa kamba yenye jiwe. Kuyatoa maji yaleyale kwenye kina kilichoongezeka nusu yake ni kazi iliyoongezeka nusu yake, na kazi hiyo kwangu ni petroli. Ndiyo maana nasema hewa ukaa ya bustani zetu inaanzia kwenye kina cha maji kabla ya kufika kwenye aina ya pampu. Kila kisima cha bustani kipimwe kila mwezi, vipimo vibandikwe ofisi ya kijiji, ndipo tukae tuzungumzie mkopo wa sola.

Mkulima wa Kitere

Mleta mada, nakuheshimu, ila hapa umenikwaza. Umetaja robo tani ya Mtanzania, mbona hukutaja kwamba wastani wa dunia ni zaidi ya tani nne na nusu kwa mtu? Mimi nimesomesha watoto wawili kwa vitunguu vya kiangazi, miezi ambayo korosho bado haijaanza kudondoka na nyumba haina senti. Petroli nanunua lita mojamoja kadiri ninavyouza. Sola inataka hela yote siku moja, na paneli ukiziacha shambani usiku, asubuhi unakuta vyuma vitupu. Juu ya hayo unaniletea daftari la kupima. Nani atalisoma?

Fundi wa visima (Mtwara mjini)

Mkuu wa Kitere, kwenye hela una hoja. Ila suala la kina ni la uhai, naomba mnisikilize.

Hizi pampu za inchi mbili tunazoziweka juu zinavuta maji kwa kunyonya, na kunyonya kuna mwisho wake. Kinadharia ni kama mita 10, kazini ni saba hivi. Maji yakishuka chini ya hapo injini inanguruma na mpira hautoi kitu. Watu wanafanyaje? Wanachonga ngazi ukutani mwa kisima, wanaishusha injini mita tatu au nne, wanaiwasha humohumo. Nimewahi kufika mahali, sitapataja, kijana ameshuka kurudisha mpira uliochomoka. Moshi ulikuwa umetuama chini. Sumu iliyomo kwenye moshi huo, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, inakulegeza mwili kabla hujajua. Tulimtoa kwa kamba, vidole vimeng'ang'ania spana. Alipona. Tangu siku ile nikikuta ngazi kwenye ukuta wa kisima nafunga vyombo vyangu naondoka.

Mleta mada, hizo mita sita zako zimebakiza moja tu. Mimi niko upande wa sola, hata ikiwa pampu moja ya kuzamisha kwa wakulima watano na tanki lao. Yenyewe inakaa majini na kusukuma kutoka chini, haina moshi.

Kuna aliyeniuliza pembeni kuhusu gesi iliyoyeyuka kwenye maji yenyewe. Ni kweli, maji yaliyopita kwenye miamba ya chokaa huja na hewa ukaa na kuiachia yakifika juu. Lakini ni kidogo sana mbele ya ile inayotokana na nishati ya kuyavuta.

Mama bustani (Mikindani)

Mimi naleta chumvi. Sisi wa pwani maji baridi ya ardhini yanaelea juu ya maji ya bahari. Wataalamu wana kanuni kwamba usawa wa maji baridi ukishuka mita moja, chumvi kule chini inapanda kama mita 40. Mchicha wangu ulianza kuungua kingo za majani, kahawia kama umepitiwa na moto. Nikadhani wadudu, nikapuliza dawa mara mbili, hela ikaenda. Siku nilipoyaonja maji ndipo nikajua. Jirani yangu alikuwa ameweka sola, inavuta tangu jua linachomoza hadi linazama, tanki linafurika mpaka njiani. Simlaumu, hakuna aliyemweleza. Lakini fundi, mwanangu, sola isiyo na kipimo mimi naiogopa.

Mwalimu (Newala)

Huku juu uwandani visima vya bustani hatuna. Maji ya Mitema, chanzo chetu kilicho bondeni, yanasukumwa mamia ya mita kupanda huku, na wazee wetu wanakumbuka kuteremka bondeni na ndoo. Swali langu ni moja. Sheria ya rasilimali za maji ya 2009 inataka kibali ukitumia maji kwa umwagiliaji, na Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini iko hapohapo Mtwara. Humu ndani wangapi mnacho?

Mleta mada

Mwalimu, mimi sina. Nimepeleka pendekezo kikundi kiombe kwa pamoja.

Mkuu wa Kitere, kwenye hela umenishinda na sidai uache petroli msimu huu. Vitunguu vilivyosomesha watoto siviweki mizani moja na kiwanda cha mtu. Ila daftari utalisoma wewe mwenyewe, siku utakapojiuliza kwa nini lita mbili za mwaka juzi sasa zimekuwa tatu.

Fundi, injini isishuke kisimani: hilo naliombea liwe sheria ndogo ya kijiji, hata kama mengine yote yatakataliwa.

Na Mama wa Mikindani amesema kilichoninyima usingizi. India ndiyo inayoongoza duniani kwa kuvuta maji ya ardhini, na tangu 2019 serikali yao ina mpango mkubwa wa pampu za sola kwa wakulima. Swali linalowasumbua wataalamu wa kule ni hili la jirani yako: jua halina bei, sasa nani atazima pampu? Ya petroli inakukumbusha kuizima, kwa kelele na kwa mfuko. Ya sola imekaa kimya. Nitakubali mkopo ikiwa kila tanki litakuwa na boya la kuzima pampu likijaa, na kila kisima kitakuwa na kamba yake ya kupimia.

Kesho ni tarehe moja. Kamba yangu nimeipiga mafundo kila nusu mita. Nitapima alfajiri kabla sijawasha injini, maji yakiwa yametulia, na nitaweka kipimo hapa. Wenye visima Kitere, Mikindani na Nachingwea, wekeni na vyenu.