Simu ya IP68 imezama baharini, waranti imegoma. Nani yuko sahihi?

kina_cha_kiuno
Wakuu, naomba ufafanuzi. Samsung Galaxy ya IP68 (kiwango cha kuzuia vumbi na maji), miezi saba tangu inunuliwe, imezama baharini kama dakika mbili. Inawaka, ila spika inakoroma na chaji haiingii. Kituo cha huduma wamechomoa kitrei cha laini, wakamulika ndani, wakasema alama ya kuonyesha maji yameingia ni nyekundu, waranti hakuna. Boksi linasema mita 1.5 kwa dakika 30. Sasa IP68 ni ya kazi gani? Na kuna la kufanya kabla bodi haijaoza?

fundi_bodi
Izime kwanza, mengine baadaye. Maji ya chumvi yakikutana na umeme wa betri yanakula shaba ya bodi, na kadiri simu inavyokaa imewashwa ndivyo kutu ya kijani inavyosambaa. Kila ukijaribu chaji unaongeza tatizo.

Spika kukoroma peke yake si ajabu, maji hunasa kwenye wavu. Chaji kugoma nako huenda ni ulinzi wa unyevu tu. Lakini alama ikishakuwa nyekundu, maji yamevuka mahali, kwa hiyo usisubiri ikauke yenyewe: maji yataondoka, chumvi itabaki. Mpelekee fundi aifungue leo. Achomoe betri kabla ya kugusa kingine, atoe vifuniko vya chuma vya bodi, asugue kwa brashi laini na alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 (ile ya 70 ina maji mengi), kisha akague soketi ya chaji na viunganishi vya nyaya bapa kwa darubini. Kibao cha soketi ya chaji ni bei nafuu, kwenye Galaxy nyingi kinabadilishwa peke yake. Bodi kuu ndiyo ya kuipigania.

mzee_wa_gasketi
Kuhusu IP68. Tarakimu ya kwanza, 6, ni vumbi. Ya pili ni maji: 7 ni mita 1 kwa dakika 30, na 8 ni zaidi ya hapo kwa masharti anayoyataja mtengenezaji mwenyewe. Ndiyo maana Samsung inasema mita 1.5 na Apple, kuanzia iPhone 12, mita 6, na zote ni IP68.

Jaribio linafanywa kwenye maji yasiyo na chumvi, yaliyotulia, simu ikiwa mpya. Bahari haimo. Sabuni haimo, nayo hupunguza mvutano wa uso wa maji yakapenya kwenye upenyo mdogo zaidi. Mvuke wa bafuni pia haumo. Na 8 haina maana kwamba 5 au 6, yaani maji ya kurushwa kwa nguvu, zimepita. Bomba la kuoshea gari linaweza kuishinda simu iliyovumilia ndoo.

pwani_gadget
Ingekuwa mapema, ningesema isuuze kwa maji ya kawaida yasiyo na chumvi, chumvi ya bahari iondoke, kisha uikaushe. Ila ni kwa simu isiyo na ufa wala haijawahi kufunguliwa. Yako imeshaingiza, usiongeze mengine. Na mchele uache jikoni: haufyonzi kilicho ndani ya simu, na unga wake unaziba soketi.

sheria_na_simu
Waranti ni dhamana ya kasoro ya kiwandani, na masharti ya Samsung na Apple yote yanaondoa uharibifu wa maji. Alama nyekundu inathibitisha maji yamefika, haithibitishi kosa ni la nani. Hapo ndipo mteja hukwama, maana hawezi kuonyesha kwamba gundi ya kuzuia maji ilikuwa mbovu tangu siku ya kwanza.

Matangazo ni habari nyingine. Italia iliitoza Apple euro milioni 10 mwaka 2020, na mwaka 2022 mahakama ya Australia iliitoza Samsung dola milioni 14 za huko, kwa kuwa matangazo yalionyesha simu kwenye bahari na mabwawa ya kuogelea ilhali soketi ingeweza kuliwa na kutu ikichajiwa ikiwa bado mbichi. Kama yupo muuzaji aliyekwambia unaweza kuogelea nayo, weka ushahidi wa tangazo lake. Kwa Tanzania malalamiko hayo hupelekwa Tume ya Ushindani, FCC.

kina_cha_kiuno
Asanteni. Ikifunguliwa na kufungwa, IP68 inarudi?

mzee_wa_gasketi
Usiitegemee. Mgongo au kioo kikifunguliwa, gundi ya kuzunguka lazima ibandikwe mpya, nzima, si vipande vya mabaki. Simu yenye kipimo cha shinikizo la hewa (baromita) unaweza kuipima: fungua programu ya baromita, bana skrini kwa vidole. Namba ikipanda kisha ikashuka taratibu, imejifunga vizuri. Isipopanda kabisa, au ikirudi papo hapo, inavuja.