Ushauri: Mke wangu mjamzito, aache FEFO atumie vitamini za kopo?

Baba Kijacho: Wakuu, habari za jioni. Shemeji yenu ana mimba ya wiki 14. Kliniki walimpa FEFO (vidonge vya madini ya chuma na vitamini ya foliki), akimeza anasikia kichefuchefu, na choo kimekuwa cheusi kama mkaa. Kaogopa, kaacha. Sasa jirani kamletea kopo la vitamini, eti lina kila kitu. Nimesoma lebo: vitamini A (retino) 15,000 IU kwa kidonge. Bei 85,000. Nyumbani tunakula ugali, dagaa, maharage, matembele. Nilipe?

Mla Perege: Elfu 85! Mkuu, hiyo dagaa ya mwezi na chenji ya mapera inabaki.

Nesi Mamuu: Kopo lirudishe leo hii. Retino kwa mjamzito isizidi 10,000 IU kwa siku, yaani maikrogramu 3,000. Ikizidi, hasa miezi mitatu ya mwanzo, mtoto anaweza kuzaliwa na ulemavu. Mahitaji yake ni maikrogramu 770 tu. Hata maini asiyale kila siku. Matembele na karoti ale ashibe, vitamini A ya kwenye mboga haina shida hiyo.

FEFO asiache. WHO wanashauri mjamzito apate kila siku chuma miligramu 30 hadi 60 na foliki maikrogramu 400, juu ya chakula anachokula. Weusi wa choo ni chuma ambacho mwili haukukichukua. Ameze usiku akishakula kidogo. Akiendelea kutapika, au tumbo likiuma, awaambie kliniki.

Mama Pacha: Mimi nilikuwa nameza na chai ya rangi, damu haipandi! Kumbe chai inazuia chuma. Nikahamia juisi ya chungwa, chai nikaisogeza mbele kwa saa mbili.

Fursa Mkononi: Msiharibiane biashara. Hizo ni za asilia, hazina madhara.

Nesi Mamuu: Muhogo mchungu nao ni wa asilia.

Mla Perege: Na sisi wanaume je, dada?

Nesi Mamuu: Ukila mlo mchanganyiko, okoa hela yako. Labda uwe hugusi nyama, samaki, mayai wala maziwa, hapo utahitaji vitamini B12. Na mwenye kisukari anayetumia metformini miaka mingi aombe kupimwa hiyo B12.

Baba Kijacho: Ahsanteni. Kopo limerudi, jirani kanuna. FEFO kameza saa tatu usiku na kipande cha chungwa, mpaka sasa hajatapika.