"Shirt" na "skirt" ni ndugu?

Swali: Shati na sketi ni nguo mbili tofauti, mbona majina yake ya Kiingereza yanakaribiana hivyo?

Jibu 1: Ni ndugu wa tumbo moja, pamoja na "short". Shina lao lilihusu kukata. Katika Kiingereza cha Kale "sk" ililainika ikawa "sh", hivyo "scyrte" ikazaa "shirt". Wavikingi, mabaharia wa kale wa Skandinavia, walibaki na "sk" yao: "skyrta", iliyoingia Kiingereza ikawa "skirt".

Jibu 2: Na hiyo "skyrta" ilimaanisha shati! Maana iliteremka kiunoni ndani ya Kiingereza.

Jibu 3: Ila si kila "sk" ni ya Wavikingi. "Sky" ni yao, kwao ilikuwa wingu. "School" imetoka Kigiriki kupitia Kilatini. Angalia kamusi ya etimolojia (asili ya maneno) kwanza.