Sea-Doo GTX ya 1997 haichanganyi: inalala kwenye RPM 3,000 na haivuki 5,800

Mkaa_Kigamboni
Wakuu, habari zenu. Naomba msaada wa wanaozijua jetski za zamani. Hii ni Sea-Doo GTX ya 1997, injini ya Rotax 787, stroki mbili, silinda mbili, kabureta mbili za Mikuni. Pampu ya oili ya kiwandani bado ipo na inafanya kazi.

Inawaka bila shida, na usipobana resi inanguruma vizuri tu. Tatizo ni ukibana resi ghafla: inalala sekunde tatu nne kwenye RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) 3,000 hivi, inakohoa, halafu inapanda polepole mno. Maji yakiwa shwari na mtu mmoja, inaishia 5,800. Tukipanda wawili haiinuki kabisa, inabaki inalima maji.

Plagi ni mpya (BR8ES), petroli mpya, betri nzima. Nimeshauriwa ninunue kabureta mbili mpya, na bei yake si ya mchezo. Kabla sijatoa hela, nianze kupima wapi? Jambo jingine: baada ya saa moja majini nakuta maji ya ngama (yanayojikusanya ndani ya chombo, chini) lita kadhaa. Sijui kama yanahusiana na hili.

fundi_stroki2
Mkuu, usinunue kitu bado. Angalia kwanza geji ya RPM inafanya nini pale chombo kinapogoma kwenda, maana hapo ndipo njia zinapogawanyika. RPM ikiruka juu haraka, injini inalia lakini chombo hakisogei, ubaya uko kwenye pampu ya nyuma inayosukuma maji. RPM ikigoma kupanda, ubaya uko kwenye injini yenyewe: mafuta, moto wa plagi, kompresheni (mbano ndani ya silinda) au ekzosi. Ya kwako inagoma, kwa hiyo pampu iache ingoje.

Pima kompresheni leo hii, kabla ya kufungua hata boliti moja ya kabureta. Pasha injini kidogo, zima, toa plagi zote mbili. Vichwa vya waya za plagi viunge na chuma cha injini, usiviache vinaning'inia: moto ukikosa pa kwenda unaweza kuunguza boksi la umeme, na cheche ikiruka kwenye mvuke wa petroli utaungua wewe. Funga geji, bana resi mpaka mwisho, piga stata hadi mshale uache kupanda. Resi isipokuwa wazi utasoma namba ya uongo. Hata geji yenye mpira mrefu inasoma chini kama kivali chake hakiko upande wa plagi.

Injini hii ikiwa nzima inatoa karibu 150 psi kila silinda. Zikitofautiana zaidi ya 10 psi, au zote zikawa chini ya 120, kusafisha kabureta ni kupoteza muda. Hapo ni ringi, pistoni au silinda.

Kompresheni ikiwa nzuri, rudi majini ufanye vipimo viwili visivyo na gharama. Cha kwanza: inapolala, vuta choki kidogo, robo tu. Ikizinduka na kuvuta, inanyimwa petroli. Ikizidi kufa, inalewa petroli (inapata nyingi mno) au moto ni dhaifu. Cha pili: fungua mfuniko wa tangi ukiwa umesimama. Ukisikia unavuta hewa kwa nguvu na baada ya hapo chombo kinakwenda vizuri kwa muda, mpira wa kupumulia tangi au vali yake ndogo imeziba.

Mpaka ujue majibu, usiipige resi ya mwisho kwa dakika nyingi. Stroki mbili inayonyimwa petroli inapata joto kubwa kwenye kichwa cha pistoni, na pampu ya oili haiwezi kuokoa hilo. Wengi huanza na "inachelewa kidogo" wakaishia na pistoni iliyotoboka.

Mkaa_Kigamboni
Nimepima. Silinda ya mbele 148, ya nyuma 145. Choki nikivuta robo, inaamka pale pale na kupanda. Mfuniko wa tangi hauvuti hewa. Mipira ya petroli ni ya kijivu, naona ndiyo iliyokuja na chombo.

Pwani_Marine
Hiyo mipira ya kijivu ndiyo ya kuitoa yote, mkuu. Ni jambo linalojulikana kwa Sea-Doo za miaka ya 1990: mpira unaoza kwa ndani na kutoa utomvu wa kijani au kahawia unaonata kama gamu. Kwa nje unaonekana mzima. Chomoa mmoja kwenye kabureta, upasue kwa wembe kwa urefu, uone mwenyewe. Utomvu huo unakwenda kukaa kwenye vichujio vidogo vya ndani ya kabureta, kisha injini inapata petroli ya kutembelea tu, si ya kukimbilia. Dalili zako ni hizo hizo.

Usibadilishe mpira mmoja mmoja. Toa wote wa petroli: kutoka tangini, kwenye swichi ya mafuta, chujio, kabureta, hadi ule wa kurudishia. Weka mpira mweusi wa petroli wenye tundu la robo inchi, milimita 6, na klipu mpya. Mpira wa maji au wa bustani hautadumu. Chora ramani au piga picha kabla ya kuchomoa, kwa sababu wa kurudishia ukifungwa kwenye nafasi ya kuleta utasumbuka bure. Na uwe nje, kiti kimetolewa, betri imefunguliwa.

Swichi ya mafuta yenye ON, RES na OFF huwa inasahaulika. Ndani yake kuna njia nyembamba zinazojaa utomvu ule ule, na sili zake zikizeeka inavuta hewa badala ya petroli. Njia ya haraka ya kuihukumu ni kuiruka: unganisha mpira wa ON wa tangini moja kwa moja na chujio, ujaribu majini. Kikombe cha chujio nacho kikague. Ringi yake ya mpira ikiwa bapa, kinavuta hewa bila kuvujisha hata tone.

Sasa kabureta. Zako ni nzuri kuliko nyingi za kuiga zinazouzwa kama "mpya", usizitupe. Nunua seti mbili za ukarabati za Mikuni zenyewe, zenye diaframu, gasketi, sindano na kiti chake. Weka alama ipi ya mbele ipi ya nyuma. Kabla ya kutoa skrubu yoyote ya kurekebishia, ifunge taratibu mpaka iguse huku unahesabu mizunguko, andika, ndipo uitoe. Fungua upande wenye pampu ya petroli: chini ya mfuniko utakuta wavu mdogo sana, mdogo kuliko ukucha wa kidole kidogo. Mara nyingi ndio huo uliojaa uchafu wa kijani. Toa jeti zote, pulizia dawa ya kabureta kwenye kila njia, malizia na hewa ya kompresa. Usichokonoe jeti kwa waya, tundu likipanuka hata kidogo hesabu yote imeharibika. Diaframu na vitu vya mpira visiguswe na dawa hiyo.

Ukirudisha, kile kijiti kinachoinua sindano kiwe sawa na sakafu ya kabureta: kikizama, injini inanyimwa, kikiinuka, inalewa. Kisha pima sindano: weka presha ya 10 psi kwenye mdomo wa kuingizia petroli, ule wa kurudishia umeziba, isishuke. Ikishuka, sindano haikai.

Usisahau mpira unaotoka kwenye mwili wa injini kwenda kwenye pampu ya kabureta. Haupitishi petroli, unapeleka mapigo ya hewa yanayoendesha pampu. Ukiwa na ufa, pampu inachoka na dalili ni hizi hizi. Uwe mgumu na mfupi kama ulivyotoka kiwandani. Mpira laini unameza mapigo.

Mkaa_Kigamboni
Asante sana mkuu. Wavu wa kabureta ya nyuma ulikuwa umeziba karibu wote, wa mbele nusu. Mipira yote mipya, swichi ya mafuta mpya, seti za Mikuni zimefungwa. Mabadiliko ni makubwa: kulala kwenye 3,000 kumeisha kabisa, inatoka vizuri. Lakini juu inakwama kwenye 6,100 na kubaki hapo hapo. Nirudi kwenye jeti?

fundi_stroki2
Usiguse jeti. Chini imepona na juu inagonga ukuta: kwa 787 hapo unafungua vali za RAVE. Ziko mbili, upande wa ekzosi, kila moja ina kofia ya plastiki nyekundu. Ni bamba la chuma linaloshuka na kupanda kwenye tundu la ekzosi. RPM ikiwa chini bamba linashuka na kulipunguza tundu ili injini ivute. RPM ikipanda, msukumo wa gesi ya ekzosi unajaza mpira wenye mikunjo na kulinyanyua. Bamba likinatwa na masizi likiwa chini, au mpira ukiwa na tundu, halipandi, na injini haifiki karibu na 7,000 inakotakiwa.

Waya unaoshikilia kofia utoe huku umebana kofia kwa kiganja. Chini yake kuna springi. Toa vali nzima na uweke alama ya mwelekeo: ukingo wa bamba umekatwa kwa mshazari ufuate umbo la tundu, na halitakiwi kurudi kinyume. Loweka bamba kwenye dizeli, kwangua masizi kwa kipande cha plastiki au mti, si bisibisi. Tundu dogo la kupitishia gesi kwenda kwenye mpira lisafishwe pia. Watu husugua bamba likang'aa na kuliacha tundu limeziba. Nyoosha mikunjo ya mpira mmoja mmoja kwenye mwanga. Ukiona hata ufa wa sindano, badilisha. Wakati wa kurudisha, bamba liteleze kwa uzito wake lenyewe, na skrubu ya kofia nyekundu ifungwe mpaka mwisho.

Unatumia oili gani?

Mkaa_Kigamboni
TC-W3, ile ya mashine za boti. Ndiyo inayopatikana kila duka.

fundi_stroki2
Hiyo ni nzuri kwa mashine za boti zinazopozwa sana na maji. Kitabu cha injini hii kinataka oili ya kiwango cha API TC, kwa sababu ya joto la vali hizo. TC-W3 inaacha masizi yanayonata kwenye bamba. API TC unaipata kwa wauza oili za pikipiki za stroki mbili, soma kopo kabla ya kununua. Usizichanganye kwenye tangi: baadhi ya oili zikikutana zinaganda na kuziba chujio la oili. Toa ya zamani yote, badilisha na chujio, kisha toa hewa kwenye pampu ya oili kabla ya kuwasha. Alama mbili za pampu ya oili zikutane resi ikiwa imeachiwa. Kebo ikilegea, oili inapungua nawe hujui.

Bahari_Tulivu
Niongezee upande wa pampu, kwa sababu maji ya ngama na kushindwa kubeba watu wawili havijajibiwa.

Vua wavu wa chini, ingiza fila geji (vibamba vya kupimia nafasi) kati ya ncha ya bawa la impela, ile pangaboi ya ndani ya pampu, na ringi ya plastiki inayoizunguka, pima kila bawa sehemu tatu nne. Mwisho wa kuvumilika ni milimita 1. Zaidi ya hapo maji yanarudi nyuma pembeni ya bawa, na unayahisi zaidi wakati wa kuondoka ukiwa na mzigo. Kwetu ringi hazidumu kwa sababu watu wanawasha maji yakiwa yamekupwa. Sukuma chombo hadi kina cha sentimita 90 ndipo uwashe, chini ya hapo unafyonza mchanga. Ringi mpya ilaze kwenye friza usiku kucha, itasinyaa na kuingia bila kupigwa nyundo. Ukiwa hapo angalia oili ya pampu: ikiwa nyeupe kama maziwa, sili imekwisha. Safisha, weka sili mpya na oili ya gia 75W-90 ya sinthetiki.

Maji ya ngama: shusha trela mpaka nyuma ya chombo izame, injini imezimwa, toa kiti, mulika tochi pale shafti inapoingilia. Ukiona yanadondoka kwenye ringi ya kaboni au mpira wake, hapo hapo ndipo pampu inapovutia hewa ukiondoka kwa kasi, na hewa kwenye impela ni nguvu iliyopotea. Pakiwa pakavu, washa majini na uangalie mipira ya kupozea na ya ekzosi. Ekzosi ikivujia ndani, injini inavuta moshi wake yenyewe. Dalili ni kwamba kiti kikitolewa inapumua vizuri, kikirudishwa inachoka. Usiinamie humo kwa muda mrefu, moshi huo unaua.

Pwani_Marine
Ukimaliza vali na pampu, jaribu hivi: plagi mpya zenye nafasi ya milimita 0.5, resi ya mwisho kwa dakika moja, halafu zima ghafla ukiwa bado kwenye mwendo, usiruhusu ingurume kwanza. Hakikisha mbele ni kweupe, kwa sababu injini ikizimwa usukani haugeuzi chombo. Vuta ufukweni, toa plagi. Rangi ya kahawia, endelea. Nyeupe kavu kwenye moja tu, ile kabureta yake bado ina njaa au kuna hewa inaingia kwenye gasketi yake ya chini. Usiendeshe tena mpaka uipate.

Na ukiisuuza chumvi nyumbani: injini iwake kwanza ndipo ufungue maji, na maji yafungwe kwanza ndipo uzime. Ukigeuza mpangilio huo maji yanapita kwenye ekzosi na kuingia silinda, na zile 148 na 145 hutaziona tena.